Vyombo vya Mama Mirela na Udongo wa Misima

Siku tulipofagia lile banda la brashi, palipokuwa pakichanwa nyuzi za mkonge, ili liwe karakana tulikuwa watu sita, na nitawataja wote, kwa sababu ninyi mliokuja baadaye mnadhani karakana hii iliota yenyewe kama uyoga. Alikuwepo Mama Mirela, Mwitaliano, mke wa Bwana Aldo aliyekuwa fundi mkuu wa korona, ile mashine inayokwangua majani ya mkonge mpaka zibaki singa, yaani nyuzi tupu. Alikuwepo Bi Mwantumu Mhina wa Misima, mfinyanzi, binti wa mfinyanzi, mjukuu wa mfinyanzi. Alikuwepo Hadija, mtoto wa dada yake Bi Mwantumu, ambaye mnamjua sasa kwa fimbo yake na kwa ubishi wake. Alikuwepo Mama Eliza wa Kwashemshi, Msambaa, aliyekuja kutusaidia wiki moja akasahau kurudi mlimani. Alikuwepo Maganga, Mnyamwezi wa kambini, mchoma tanuri, kijiji kimoja na baba yangu huko walikotoka. Na nilikuwepo mimi, Paskalina, na Deo wangu mgongoni. Deo simhesabu, alilala tangu tulipoanza mpaka tulipomaliza.

Mmeniaga kwa soda na keki, mkasema, Bibi, tuandikie ya zamani. Haya. Mimi nina darasa la nne tu, lakini majina ya watu hayajawahi kunitoka. Habari za vyeo na mishahara sitaandika, hazina ladha. Nitaandika jambo moja. Kila siku mnafinyanga chombo, mnakiacha kikauke kidogo, halafu mnakilaza kwenye pumba za mpunga ili shingo iende upande. Juzi nilimsikia mmoja wenu akimwambia mgeni kwamba ni mtindo wa Ulaya. Mwingine akasema hapana, ni mila ya Wazigua. Wote wawili mmekosea, na wote wawili mmepatia. Kaeni niwaeleze.

Mimi nilianzia na kitambaa cha vumbi. Baba yangu aliletwa hapa Korogwe na lori la manamba kukata mkonge, mimi nikazaliwa kambini. Huko kwao Unyamwezini sikuwahi kukanyaga. Nilipata mume, mume akaenda kutafuta madini, madini nadhani yakampata yeye. Nikabaki na Deo, nikaomba kazi nyumbani kwa Bwana Aldo.

Siku ya kwanza Mama Mirela hakunionyesha jiko wala kufulia. Alinipeleka sebuleni mbele ya rafu ndefu, vyombo vimepangwa kama watoto wanaopigwa picha, mkubwa mwanzo, mdogo mwisho. Mkubwa wa umri, si wa kimo. Kiswahili chake alikiokota kambini, kwa hiyo kilikuwa na nguvu sana.

"Paskalina, hapa unafuta vumbi kila siku. Mikono miwili. Unaanza mzee, unamaliza kijana."

"Ni vya nini, mama?"

"Vya maua."

"Maua yako wapi?"

"Hakuna maua. Vya kutazama."

Nilimsimulia mama yangu jioni. Akasema chungu cha kutazama ni sawasawa na ng'ombe wa kwenye kalenda, hakamuliwi. Nami nilicheka. Lakini ukikishika kitu kila asubuhi kwa mikono miwili kinaanza kukuzoea, nawe unaanza kukiuliza maswali. Mama Mirela alikuwa mpweke kidogo, korona ilimmeza mume wake tangu alfajiri, basi nikifuta yeye anasimulia. Nilivijua vile vyombo kuliko nilivyowajua wajomba zangu.

Mzee wa rafu alikuwa wa bibi yake, kutoka Faenza, mji wa wafinyanzi kwao. Masikio ya dhahabu, matunda, nyuso za watu zimechorwa tumboni, hakuna mahali pa kuweka hata nzi. Tulimpa jina Bi Harusi. Aliyefuata alikuwa mweupe, mnyoofu, mistari ya kuzunguka tu, kama amechongwa na mashine. Mama Mirela alisema huo ulikuwa wakati vijana wa kwao walipopenda ndege na treni na mashine kuliko mama zao, wakaona matunda na nyuso ni mambo ya uzee, wakavua vyombo mapambo yote. "Rula, rula, rula," alikuwa akisema. Baba yake Mama Mirela aliishi wakati huo. Kazi yake ilikuwa kuchora vyombo kwenye karatasi, wengine wafinyange.

Halafu palikuwa na vya kioo, kutoka kisiwa cha Murano, ambako watu hupuliza kioo kwa bomba kama sisi tunavyopuliza moto. Kimoja kilikuwa kama leso umeishika katikati kwa vidole ukaigeuza juu chini, pindo zote zimetanuka. Kioo hicho, jamani, lakini ungeapa ni nguo. Kingine kizito kama jiwe la kusagia, rangi ya bluu imezama ndani ya rangi ya chai, nayo imezama ndani ya maji matupu. Nilimuuliza wameiingizaje. Akasema unachovya, unachovya tena, kama mshumaa. Vyote hivyo ni vya baada ya vita yao kubwa, watu walipokuwa na njaa ya rangi.

Na baina ya vioo hivyo kilikaa cha udongo, rangi ya majivu, kisichong'aa, tumbo limelemea upande mmoja na mdomo umegeukia dirishani. Hicho alikichora baba yake. Mimi mwanzoni nilidhani kimeharibika, nikawa nakigeuza ili mdomo uelekee ukutani, wageni wasione. Kila nikikigeuza, jioni nakikuta kimegeuzwa tena. Tulikwenda hivyo karibu mwezi mzima bila mtu kusema neno.

Mwisho akaniambia, "Paskalina, wewe unaona aibu kwa chombo cha baba yangu."

"Nimekistahi tu, mama."

Akacheka mpaka akaketi. Ndipo akanieleza. Vita ilipokwisha, baba yake alirudi kazini akakuta paa limeanguka, kalibu zote zimevunjika. Alikaa na karatasi na rula siku nyingi asiweze kuchora mstari. Siku moja akaitupa rula akachora kwa mkono mtupu, mkono unakwenda unakotaka, na kikatoka hicho. Watu wa mji wakamwambia amezeeka. Baada ya miaka michache kila dirisha la duka huko kwao lilikuwa na vyombo vilivyolemea upande.

Sasa tuje kwenye karakana. Mkonge ulianza kudorora. Kambi zikapungua watu, brashi ikafungwa, banda likabaki la popo. Mama Mirela akasema anataka banda lile liwe karakana ya vyombo, mikono ya baba yake hakuirithi, lakini ameona vyungu vya maji sokoni Korogwe, vyembamba kama ganda la yai, na anataka kumwona aliyevifinyanga. Tukauliza muuzaji, muuzaji akasema Misima. Tukashika barabara ya Handeni na gari la Bwana Aldo, mimi ndiye mkalimani, ingawa Kiswahili wote walikijua. Nilikuwa mkalimani wa adabu.

Tulimkuta Bi Mwantumu nyuma ya nyumba yake ameinama juu ya chungu, anakizunguka yeye. Hatukuwa na gurudumu na hatuna mpaka leo, mtu ndiye gurudumu. Hakusimama. Tukapiga magoti kidogo, nikamwamkia.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba. Huyu mzungu amepotea?"

"Hajapotea, Bi. Amekufuata wewe."

"Na wewe ni wa wapi? Sura hii si ya huku."

"Nimezaliwa Korogwe, kambini. Baba ni Mnyamwezi."

Ndipo akainua kichwa, na uso ukafunguka. "Mnyamwezi? Basi mtani wangu. Babu zako walipita hapa na mizigo ya watu kichwani, wakaondoka na kuku wetu mabegani."

"Kuku wenyewe walikuwa wamekonda, Bi. Babu waliwabeba kwa huruma."

Alicheka, akatukaribisha. Ninyi vijana utani mnaujua kwa uchache, kwa hiyo nieleze. Mzigua na Mnyamwezi ni watani tangu zamani. Mtani anaweza kukutukana mbele ya mkweo usikasirike. Anaingia kwako bila kubisha hodi. Lakini mtani, pamoja na ukaribu wake wote, ni mtu wa nje. Ukifiwa, ndugu zako watakaa chini walie, mtani atakuja kuchekesha, atalala kwenye kitanda cha marehemu adai ni chake. Mtani halii. Nawaomba mlishike hilo, tutalihitaji.

Bi Mwantumu alikubali kuja Korogwe, kwa sharti moja. Udongo utatoka Misima, kwenye shimo la bibi zake, na watakaouchimba ni yeye na Hadija. Shimo lile halikuchimbwa na mwanamume, wala na mwanamke asiye wa nyumba ile. Unakwenda bila viatu, bila maneno ya hasira, na ukiwa umegombana na mtu unapatana naye kwanza. Mama Mirela akasema sawa. Angekubali hata angeambiwa aende akitembea kinyumenyume.

Mimi nilimwambia Bi Mwantumu nataka kujifunza. Akanitazama miguu.

"Utatwanga vigae. Utateka maji. Utashika taa ya mchana, yaani utatazama. Lakini udongo wewe haukujui, mtani."

Basi nikatwanga vigae, vyungu vilivyovunjika, nikavichekecha unga wake uchanganywe na udongo ili chombo kisipasuke motoni. Hiyo ndiyo shule yangu, na ninyi mnaonuna mkipewa kinu mjue mnanunia chuo. Kichanganyio ukikikosea Bi Mwantumu hasemi. Anachukua donge, analiviringisha liwe kama mkia wa panya, analikunja kidoleni, likipasuka anakuwekea mbele yako anaondoka. Nilijifunza gunzi la mahindi la kukwarua nje, kipande cha kibuyu cha kukwangua ndani, jiwe la mtoni la kung'arisha, na ukanda wa ngozi uliolowa wa kuzungusha mdomoni. Jiwe lake lilikuwa la bibi yake, limelika kwa upande mmoja likawa na umbo la kidole gumba. Nilijifunza pia kupiga chombo kwa kifundo cha kidole na kusikiliza. Kikisema ndii, kizima. Kikisema paa, kina siri. Jioni nilifinyanga vijichungu vyangu kwa makombo yaliyobaki kwenye beseni. Aliviona, akavipita.

Wakati huohuo baba yangu aliachishwa kazi. Shamba liliwapa lori la kuwafikisha stesheni, wale wanaotaka kurudi makwao warudi. Baba akaniita.

"Pasi, sisi tunaondoka Jumamosi ijayo. Wewe na mtoto mtakaa hapa mnamshikilia nani?"

"Nina kazi, baba."

"Kazi ya kufuta vumbi na kutwanga vigae. Huyo mzungu akiondoka? Hapa hatuna shamba, hatuna kaburi. Huko utakuwa na watu."

Watu wenyewe wa huko ningewajulia wapi? Mimi nilichokijua ni harufu ya mkonge na kelele za korona na barabara ya Makuyuni. Nikamwambia baba anipe mpaka Ijumaa. Moyoni nilijua jambo moja. Bi Mwantumu akinipeleka shimoni, nina ufundi na nina kwetu. Asiponipeleka, nafunga mzigo.

Na wiki hiyohiyo ndiyo Mama Mirela aliyoichagua kuharibu mambo.

Alileta chombo cha baba yake karakanani, amekifunga kwenye blanketi kama mgonjwa. Akamwomba Bi Mwantumu atengeneze kama kile. Bi Mwantumu alikizunguka mara mbili tatu, akafinyanga. Tumbo lake, shingo yake, ukuta mwembamba ajabu. Mdomo umenyooka kama mchi.

"Nzuri sana," Mama Mirela akasema, "lakini mdomo upande."

"Nimekirekebisha."

"Hapana kurekebisha. Upande."

Akafinyanga cha pili. Nilikuwa pale, nilimwona akijaribu. Alikipindisha mdomo kwa kiganja, akarudi kukwangua ndani, na mkono wake bila yeye kuuagiza ukaunyoosha tena. Mkono wa mtu aliyefinyanga tangu akiwa mtoto ni kama punda anayejua njia ya nyumbani. Cha tatu hivyohivyo. Mama Eliza, ambaye ulimi wake haukuwa na mlango, akasema, "Bi, kama ni shida kukipindisha, mpe Maganga akikalie." Wote tukacheka isipokuwa wawili.

Mama Mirela alikuwa amechoka, na mtu akichoka katika lugha ya watu husema asichokusudia. Akasema, "Baba yangu alifanya. Wewe kwa nini hutaki?"

Bi Mwantumu akaweka chini ukanda wa ngozi. Alisema taratibu, na mimi ndiye niliyeogopa, kwa sababu kwa hasira angalau kuna mlango wa kutokea.

"Mama Mirela, kwetu chungu kikitoka mdomo upande, watu huuliza, huyu alikuwa akigombana na nani alipokifinyanga? Hakinunuliwi, hakiwekwi maji ya mgeni. Mama yangu alivivunja vya kwangu vyote vya hivyo mpaka mkono ukakoma. Sasa unanitaka nifinyange ugomvi, niupe jina la nyumba yetu. Mimi siwezi. Kesho narudi Misima."

Alikwenda chumbani kwake kufunga mizigo. Mama Mirela akabaki ameshika chombo cha baba yake, akitutazama mmoja mmoja kama mtu aliyevunja kitu dukani. Ilikuwa Alhamisi. Nilisimama na kinu changu, nikaona vyote viwili vinaondoka, karakana na kwetu.

Hadija aliniambia, "Mpelekee maji ya kunawa, wewe ndiye mtani, mimi nikiingia nitapigwa."

Nikachota maji kwenye mtungi wake kwa kata yake, ile ya kibuyu, ya mpini mrefu. Nimeishika kata ile mara ngapi, sikuwahi kuitazama. Nikaingia nayo, naye anafunga kamba kwenye mkeka. Utani ndio uliosema, si mimi. Nisingekuwa mtani wake nisingethubutu.

"Bi, kata yako hii shingo imekwenda upande. Aliyeilima alikuwa anagombana na nani?"

"Usiniletee Unyamwezi wako leo."

"Nauliza tu. Mbona haina adabu? Na mgeni anateka nayo maji."

"Ilijilalia chini shambani. Kibuyu kikilala upande hukua upande. Mtoto mdogo anajua."

"Na hukuinyoosha?"

Akaacha kamba. Aliitazama kata, akanitazama mimi, akaitazama tena, na Deo niliyemtua chini akapata nafasi ya kula kipande cha mkeka. Halafu akasema, "Kalete kile chombo cha mzee wa watu."

Mama Mirela alikuja nacho mwenyewe. Bi Mwantumu akakipakata mapajani, akafumba macho, akakipapasa tumboni pale palipolemea kama anavyopapasa mkunga.

"Hiki kililalia nini?"

Mama Mirela hakuelewa. Nikasema mimi. Nikaeleza vita, paa lililoanguka, kalibu zilizovunjika, rula iliyotupwa. Bi Mwantumu alisikiliza yote akiwa amefumba macho.

"Basi kililalia vita," akasema. "Pole yake. Ungesema mapema, Mama Mirela. Uliniambia upande, upande, kama mtu anayeelekeza gari."

Hakukiiga. Alifinyanga chombo chake kinyoofu kabisa, jinsi mama yake alivyomfunza. Akasubiri kitako kikauke kiwe imara na tumbo libaki laini. Akamtuma Maganga alete pumba za mpunga, akachimba ndani yake kitanda, akatandika kanga kuukuu, akakilaza humo kwa upole kama mtoto aliyeshiba. Tukaenda kula. Tuliporudi kilikuwa kimejizamia chenyewe, tumbo limetulia upande, shingo imegeuka kidogo kutafuta mlango. Mkono wa mtu haukukigusa. Mama Mirela alijiziba mdomo kwa viganja vyake. Bi Mwantumu akasema, "Sasa huyu hakugombana na mtu. Amelala tu."

Hapo ndipo pumba zenu zilipotoka, wanangu. Umbo ni la vita ya Ulaya, na njia ni ya kibuyu cha Misima.

Jioni ile nikikusanya vigae Bi Mwantumu alinipita, akasema bila kusimama, "Mama Deo, kesho tunakwenda udongoni. Usivae viatu." Mpaka siku ile alikuwa ananiita mtani au wewe wa kambini.

Ijumaa asubuhi tulishuka gari mbali, tukatembea. Nilimwacha Deo kwa Mama Eliza. Kabla ya kufika Bi Mwantumu aliuliza kama kuna niliyemkosea. Nikamwambia baba, sijamjibu. Akasema huyo utapatana naye leo, twende. Shimo halikuwa kubwa, nilikuwa nimeliota kubwa. Udongo wa kijivu, baridi, unanata kama unga wa muhogo. Aliinama, akauambia ule udongo, kwa sauti ya mtu anayezungumza na majirani juu ya ua, "Nimemleta mwanetu. Msimshangae." Akanipa jembe.

Nilikwenda kwa baba bila kunawa. Alikuwa anafunga sanduku.

"Mikono hiyo imetoka wapi?"

"Misima, baba. Shimoni kwa kina Bi Mwantumu."

Baba alikuwa Mnyamwezi, anajua kilicho cha mtani na kisicho cha mtani. Aliishika mikono yangu, akaigeuza, akaitazama pande zote mbili.

"Nikisema nyumbani kwamba binti yangu anachimba udongo wa Wazigua watanicheka mpaka mvua zinyeshe," akasema. Lakini alikuwa anatabasamu, na Jumamosi alinipungia kutoka juu ya lori mpaka vumbi likamfunika.

Ya baadaye mengi mnayajua. Tanuri la kwanza Maganga alilichochea kama anapika pombe, tukatoa mkaa. Wageni wa semina walikuja na kalamu za rangi wakatufundisha neno ubunifu, wakala, wakaenda. Kaka yake Mama Mirela alituma kutoka kwao chombo kipya cha mwisho wa rafu, vipande vya rangi za pipi vimepandishwa juu ya vipande, hakuna tumbo wala shingo. Maganga akauliza kama kimechorwa na mtoto. Mama Mirela akasema hapana, kimechorwa na watu wazima waliochoka kuwa na adabu. Bi Mwantumu akasema hao angewaelewa. Bwana Aldo alipostaafu walirudi kwao, na Mama Mirela alitaka kutuachia chombo cha baba yake. Bi Mwantumu alikataa katakata, baba wa mtu haachwi ugenini. Alimfungashia chake, kile cha kwanza kilicholala, kwenye singa za mkonge. Kwenye rafu ile kiliwekwa baada ya zile pipi. Tulitumiwa picha. Mdomo wake umegeuziwa dirishani.

Bi Mwantumu alifariki kwake Misima, wakati wa kiangazi, mwezi mzuri wa kuchoma vyungu. Tulikwenda wote. Watu walikuwa wengi, wamekaa mikekani, na huzuni imekaza kama ngozi ya ngoma. Ndipo Maganga akaingia. Mzee naye tayari, lakini mtani hazeeki. Alikuja amebeba kichwani chombo kilicholemea, naye anatembea amelemea upande uleule, akawa anapita kwa waombolezaji mmoja mmoja anawanyoosha. Huyu kanga, huyu kofia, sheikh akamnyoosha kola. Kila anayemnyoosha anatikisa kichwa na kusema kwa sauti ya Bi Mwantumu, "Ulikuwa unagombana na nani?" Wafiwa waliangua kicheko na machozi hapohapo. Ndiyo kazi ya mtani, na aliifanya vizuri kuliko tanuri.

Akafika kwangu, akaninyooshea mkono. "Mama Deo, inuka. Sisi Wanyamwezi tudai haki yetu. Wewe chukua jiwe la kung'arishia, mimi nalala kitandani. Wazigua walie peke yao."

Nilijua wajibu wangu. Baba yangu angeinuka. Nikaushika mkono wake, nikauachia. Watu wananitazama, wanasubiri mtani wa pili achekeshe. Nilikuwa siwezi kuwa mtani na siwezi kusema mimi ni nani basi.

Hadija, ambaye katika maisha yake hajakubaliana nami hata kuhusu chumvi, aliongea kutoka mkeka wa ndugu. "Maganga, mwache huyo. Huyo si mtani leo. Ni mfiwa." Akasogea, akapiga mkeka kwa kiganja mahali pembeni yake.

Maganga alinitazama, akatua chombo kutoka kichwani. "Basi pole, mama," akaniambia, kwa sauti yake mwenyewe. Nikaenda nikakaa pale, nikalia.

Jiwe la kung'arishia Hadija aliniletea baada ya arobaini. Ndilo mlilokuwa mkiniona nalo miaka yote, ndilo nimeliacha juu ya benchi la dirishani. Ni la kazi, msiliweke kabatini.

Nimeandika kama ninavyokumbuka. Hadija anasema cha kwanza kililala kikageukia kushoto, mimi nasema kulia. Anasema ni yeye aliyebeba pumba, si Maganga. Pengine. Mama Eliza watoto wake wapo Kwashemshi, wanaweza kusema kama alikuja wiki moja au mbili kabla ya kusahau kurudi. Popote nilipochanganya, njooni nyumbani mnisahihishe, chai ipo, na majina niliyoyaruka niambieni niyaongeze. Ila pale shimoni, neno Bi Mwantumu alilouambia udongo nililisikia kwa masikio yangu nikiwa pekupeku. Hilo msilisahihishe.